Mgonjwa wa Akili Naye Ana Haki ya Nambari ya OB

Kwa maafisa wa polisi mnaokaa kwenye meza ya ripoti katika vituo vya Kenya, na kwa viongozi wa mashtaka mnaopokea majalada yao,

Mtu akiingia kituoni akasema amepigwa, ameporwa au amebakwa, kazi ya kwanza ya afisa wa zamu inajulikana: kufungua kitabu cha matukio, kuandika, kutoa nambari ya OB. Yote yanayofuata, fomu ya P3, hospitali, upelelezi, kukamatwa kwa mshukiwa, jalada kufika kwa kiongozi wa mashtaka, yananing'inia kwenye nambari hiyo. Nawaandikia kuhusu kundi la Wakenya ambalo nambari hiyo hulipita kando. Ni wagonjwa wa akili, na nasema hasa wale wenye maradhi mazito: skizofrenia, bipola, sonona iliyokithiri hadi mtu akasikia sauti zisizokuwapo. Huambiwa warudi na mtu wa nyumbani, au wanywe dawa kwanza, au hucheka afisa mmoja na mwenzake, nao wagonjwa wakatoka. Hoja yangu ni moja. Anayemwinda mgonjwa wa akili hamchagui kwa unyonge wake tu; humchagua kwa kuwa anajua mgonjwa huyo akisema hataaminiwa. Na pahali pa kwanza panapoamuliwa kama ataaminiwa ni mezani penu.

Nianze na ushahidi, maana katika jambo hili dhana imetangulia ukweli kwa miaka mingi. Waulize watu stendi ya matatu ugonjwa wa akili na uhalifu vinakutania wapi, nao watakutajia mgonjwa aliyemkata mtu panga. Habari ya namna hiyo haikosi nafasi gazetini. Upande wa pili hausemwi. Mwaka 2005 Linda Teplin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha utafiti uliowahoji watu 936 waliokuwa wakitibiwa maradhi mazito ya akili mjini Chicago. Hawakuanzia kwenye rejista za polisi. Waliwauliza wagonjwa wenyewe, kwa maswali yale yale ambayo serikali ya Marekani huwauliza raia katika uchunguzi wake wa kitaifa kuhusu waathiriwa wa uhalifu. Zaidi ya robo yao walikuwa wamefanyiwa uhalifu wa kutumia nguvu ndani ya mwaka mmoja uliotangulia, kiwango kilichopita cha raia kwa jumla kwa zaidi ya mara 11. Njia hiyo ya kuuliza ndiyo ninayotaka muitazame: dhuluma hizi zilionekana kwa sababu mtu aliketi, akauliza, akaandika jibu bila kwanza kupima kama anayejibu ana akili timamu.

Mtasema Chicago si Kisumu. Ni kweli, na hata uchambuzi mkubwa wa Karen Hughes na wenzake, uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2012, ulikusanya tafiti ambazo nyingi zilitoka nchi tajiri. Huko nako takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye ugonjwa wa akili, asilimia 24.3, alikuwa ametendewa ukatili katika mwaka uliopita. Lakini jirani yetu Ethiopia amekwisha kulitazama jambo hili katika mazingira yasiyo mbali na yetu. Huko Butajira, eneo la wakulima kusini mwa Addis Ababa, watafiti waliwalinganisha wenye maradhi mazito ya akili na watu wa eneo hilo hilo wasiougua, na wagonjwa ndio walioonekana kudhulumiwa zaidi. Wala sidai kwamba kutoaminiwa ndiyo sababu pekee. Umaskini, kulala nje, pombe na dawa za kulevya, kukaa na jamaa waliochoka kuuguza, vyote vimo. Hata hivyo, afisa wa zamu hawezi kumjengea mtu nyumba wala kumponya. Kati ya sababu zote hizo, iliyo chini ya mkono wake ni moja: kuandika au kutoandika.

Chukueni mfano mmoja, wa kubuni, lakini hauna kitu ambacho hamjapata kukiona. Mwanamke anayeugua skizofrenia anaingia kituoni saa tatu usiku. Anasema vijana wawili wamemnyang'anya simu na kumlazimisha kutaja nambari ya siri ya M-Pesa. Kisha anaongeza kwamba vijana hao wametumwa na redio, na kwamba redio imekuwa ikimtaja kwa jina tangu Jumatatu. Afisa akisikia redio, kalamu inalala. Anaona amepata jibu la kila kitu. Lakini katika maelezo yale mna madai mawili ya aina mbili. La redio ni la daktari. La simu ni la polisi, na linapimika bila kumtegemea mlalamishi hata kidogo. Kampuni ya simu ina rekodi ya dakika pesa zilipotoka, kiasi gani, na kwa wakala nambari ngapi. Wakala ana daftari lenye jina, nambari ya kitambulisho na sahihi ya aliyechukua. Pengine kuna mkopo wa Fuliza uliokopwa usiku ule ule, na deni limebaki kwa jina la mgonjwa. Shavu lina uvimbe ambao daktari ataujaza kwenye P3 iwapo atampata kabla haujashuka. Simu yenyewe ina nambari ya IMEI. Mpelelezi mwenye vitu hivyo vyote hahitaji kuamua kama redio husema na watu. Mlalamishi asiye mgonjwa, mwenye simu iliyoibwa kwa namna hiyo hiyo, angekuwa ameshapewa nambari ya OB na kuelekezwa hospitali.

Hayo si huruma ninayowaomba. Ni sheria mliyoapa kuilinda. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 125, inaanza kwa kusema kwamba watu wote wanastahili kutoa ushahidi, ila mahakama ikiona mtu hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa akili. Kisha inamtaja mgonjwa wa akili waziwazi: ugonjwa pekee haumwondolei sifa ya kuwa shahidi, mpaka hali yake imzuie kuelewa anachoulizwa na kukijibu. Angalieni ni nani aliyepewa uamuzi huo. Ni mahakama. Afisa anayemrudisha mtu nyumbani kwa kuwa "huyu hawezi kusimama kortini" amejipa kiti cha hakimu, tena amehukumu bila kumsikiliza shahidi na bila hukumu hiyo kuandikwa popote pa kukatiwa rufaa. Katika makosa ya kingono, kifungu cha 124 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaingiza ulemavu wa akili katika hali ambazo mtu hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia, na kifungu chake cha 31 kinamruhusu hakimu kumtangaza mlalamishi wa namna hiyo kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, apewe msaidizi wa kuzungumza kwa niaba yake. Katiba ya 2010 nayo, Ibara ya 50(7), inampa mlalamishi nafasi ya kuwasiliana na mahakama kupitia mtu wa kati. Milango imefunguliwa mahakamani. Mgonjwa hafiki mahakamani.

Najua pingamizi la kwanza mtakalotoa, kwa kuwa nyinyi ndio mnaoitwa kijiji kinapotimuliwa na mtu mwenye shoka. Mtasema wagonjwa hawa ni hatari, na kwamba anayeandika kuwatetea hajawahi kumshika mmoja akiwa amepandwa. Kazi hiyo ni ngumu, na si kweli kwamba ugonjwa hauna uhusiano wowote na ukatili. Baadhi ya wagonjwa, hasa wanaotumia dawa za kulevya au waliokaa bila matibabu, huwa na hatari iliyozidi ya wengine. Ila kipimo chake ni kidogo kuliko hofu yetu. Seena Fazel na Martin Grann walipitia rekodi za Sweden za miaka 13, kuanzia 1988 hadi 2000, nchi ambayo rejista zake za hospitali na za mahakama zinaweza kuunganishwa. Waliona kwamba wenye maradhi mazito ya akili walichangia asilimia 5.2 ya uhalifu wa kutumia nguvu. Makosa 19 kati ya kila 20 yalikuwa na chimbuko jingine. Hata tukichukua kwamba mgonjwa fulani aliwahi kumpiga jirani mwaka juzi, hilo linahusu nini anapokuja leo na taya iliyovunjika? Mlevi aliyewahi kushtakiwa kwa kupigana baa akiporwa, huandikiwa OB kama mtu mwingine yeyote. Mwizi wa zamani akiibiwa, pia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mawakili wa utetezi hawatanisamehe nikilipita haraka. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba amebakwa na jirani wakati jambo hilo halikutokea nje ya ugonjwa wake. Jirani huyo ana mke, ana kazi, na Ibara hiyo hiyo ya 50 inamdhania hana hatia. Je, tumfungulie kila mtu jalada kwa neno la asiyetofautisha ndoto na mchana? Jibu langu ni kwamba kuandika ripoti hakumtii mtu hatiani. Nambari ya OB haisemi tukio lilitendeka. Inasema tukio limelalamikiwa, siku fulani, saa fulani. Baada ya hapo kuna upelelezi, kuna kiongozi wa mashtaka anayepima kama ushahidi unatosha, kuna maswali ya wakili wa mshtakiwa, kuna hakimu. Mchujo ni mwingi. Aliyesingiziwa naye hulindwa vizuri zaidi na uchunguzi uliofanywa mapema, wakati sampuli bado zinaweza kuchukuliwa na kumtoa katika tuhuma, kuliko na uvumi wa mtaani usiofungwa na mtu. Na tukubali jambo jingine: walalamishi wenye akili timamu husema uongo pia, kwa kisasi, kwa shamba, kwa talaka. Hatukufunga vituo kwa sababu yao. Tuliweka upelelezi.

Kuna uovu mwingine ambao haufiki hata kwenye meza ya ripoti kwa sababu umevaa nguo ya ukoo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa kwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi takriban 60, na Kenya imo, pamoja na mahali pa maombi ambapo wagonjwa walipelekwa kuponywa. Afisa akiletewa habari hizo, jibu ambalo huja haraka ni kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, na mama aliyemfunga mwanawe mguu kwenye nguzo ya kitanda hana pa kumpeleka. Mara nyingi hana kweli, na sitaki jela zijae akina mama wa namna hiyo. Lakini Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 imewapa polisi na machifu uwezo wa kumchukua na kumpeleka hospitali mgonjwa asiyetunzwa ipasavyo, au anayetendewa ukatili na jamaa. Uwezo huo umezoeleka kutumika upande mmoja: mgonjwa akifanya fujo sokoni, gari la polisi huja. Anapofanyiwa ukatili nyuma ya nyumba, maneno yale yale ya sheria hulala. Tena si minyororo peke yake. Kaka anauza sehemu ya shamba ambayo marehemu baba aliigawia wana wote, na ndugu mgonjwa akipinga huambiwa arudi kitandani. Mahakama inaweza kuteua msimamizi wa mali ya mgonjwa chini ya sheria hiyo hiyo, kwa maombi na kwa hesabu. Anayeuza bila hayo anastahili kuulizwa, na wa kumuuliza ni mpelelezi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na ushauri wa kawaida kwamba mgonjwa "aje na mtu wake". Sheria ya Makosa ya Kingono inaruhusu mtu wa kati awe mzazi, jamaa, mwanasaikolojia, mshauri nasaha au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Orodha hiyo ni nzuri, lakini afisa asianze na jamaa kabla ya kujua anayelalamikiwa ni nani. Kumwita mjomba aje amsaidie mpwa wake kueleza alichotendewa na mjomba huyo ni kosa ambalo halirekebishiki asubuhi yake.

Sehemu ya lawama si yenu. Kwa muda mrefu sheria zenyewe ziliwafundisha kumtazama mgonjwa wa akili kama mshukiwa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyeokolewa akijaribu kujiua aliweza kutoka wodini akaingia seli. Kifungu cha 146 cha Kanuni hiyo hiyo, kinachokusudiwa kuwalinda wenye upungufu wa akili dhidi ya wanaowaingilia, kiliandikwa enzi ya ukoloni kwa lugha ya dharau ambayo Ibara ya 54 ya Katiba inaikataza leo. Tena ulinzi wa namna hiyo una hatari yake: usimamiwe vibaya, na kila mwanamke aliyewahi kulazwa hospitali ya akili ya Mathari ataonekana hana haki ya mpenzi wala ndoa. Mtu mzima mwenye bipola ambaye hali yake imetulia huridhia na hukataa kama mtu mwingine. Swali la afisa libaki lile lile kwa kila mlalamishi: ulikubali, ulilazimishwa, au hukuwa katika hali ya kuamua wakati ule?

Mtasema hamkufundishwa kazi hii. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara yake ya 13 inaidai serikali itoe mafunzo yanayofaa kwa wanaosimamia haki, polisi wakitajwa kwa jina. Dai hilo liko juu ya wakubwa wenu, na mnayo haki ya kulidai nanyi. Ila mengi hayangoji semina. Dawa nyingi za maradhi haya huleta usingizi na ulimi mzito; mgonjwa aliyechomwa sindano usiku akihojiwa alfajiri ataonekana hajui asemalo, na akihojiwa mchana aliposhtuka ataeleza vizuri. Muulizeni yeye au muuguzi wake ni saa ngapi anakuwa macho. Muulizeni swali moja kwa wakati mmoja. Maneno yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na yale ya redio, bila kuyasafisha na bila kuyabishia. Wakili wa utetezi ana haki ya kuyaona, na taarifa iliyopambwa ndiyo huporomoka kwanza mbele ya hakimu. Haya ni mambo ya kalamu, karatasi na subira. Gari la kituo likikosa mafuta, na najua hukosa, bado yanawezekana.

Kwenu viongozi wa mashtaka, nina ombi mahususi. Majalada ya aina hii, yakibahatika kufunguliwa, hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maelewano: wazee wa familia mbili hukaa, mbuzi au pesa hubadilishana mikono, kisha mtu anakuja kortini kusema mlalamishi ameondoa kesi. Katika makosa ya kingono, kifungu cha 40 cha Sheria ya 2006 kiliondoa uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa polisi na kuuweka kwa afisi ya mkuu wa mashtaka ya serikali. Ibara ya 157 ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa kesi. Mjomba hana nafasi katika mlolongo huo. Njia ya pili ni ya kimya: jalada hurudishwa na neno kwamba shahidi hawezi kutegemewa kwa hali ya akili yake. Neno hilo lisitoshe tena. Kiongozi wa mashtaka anayefunga jalada kwa sababu hiyo aandike ni daktari gani alimpima mlalamishi na lini, ni ushahidi gani mwingine ulitafutwa, na kama mtu wa kati aliombwa. Maelezo hayo apewe mlalamishi kwa maandishi, ili akitaka kuyapinga awe na karatasi ya kuanzia.

Inspekta Jenerali anaweza kuyaweka haya ya meza ya ripoti katika amri za kudumu za polisi bila kurudi Bungeni: kwamba hakuna afisa atakayekataa kuandika malalamiko kwa sababu ya hali ya akili ya mlalamishi, kwamba afisa akishuku ugonjwa atamwelekeza hospitali baada ya kuandika, si badala ya kuandika, na kwamba mlalamishi aliyekataliwa katika kituo kimoja aandikiwe katika kinachofuata, jina la afisa aliyemkataa likiwemo. Mlalamikiwa akiwa ni polisi, mgonjwa aelekezwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, siku hiyo hiyo, kwa sababu miongoni mwa polisi nako kuna wanaotegemea kwamba neno la mtu aliyetoka Mathari halina uzito mbele ya neno la mtu mwenye sare.